Alama Nne za Malemba

Ua la siku moja halipimwi siku moja. Juzi mlimsikia nyanya mmoja akiwatupia methali hiyo vijana waliotaka kumfukuza kipa aliyefungwa mabao matatu katika mechi yake ya kwanza, na tangu hapo hamna swali jingine: ua gani hilo, na nani aliyelipima? Kaeni basi. Chanzo chake nakijua, wala hakiko mbali. Ni huko juu Wundanyi, milimani Taita, katika bustani ya watu wawili waliopendana sana na kubishana zaidi.

Mume aliitwa Mwadime Kilambo. Kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa kupanga madaraja ya mboga katika ghala la chama cha wakulima. Mboga zilipita mbele yake juu ya meza ndefu, naye ameshika chaki. Mstari mmoja kwenye kreti, daraja la kwanza. Miwili, la pili. Msalaba, hiyo ikaliwe na ng'ombe. Hakutazama mara mbili. Kabichi iliyokatwa haina siri, alipenda kusema. Ilivyo asubuhi ndivyo ilivyo, na kesho itazidi kuwa mbaya. Wakulima walimwogopa, lakini hakuna aliyepata kusema kwamba alipendelewa au alionewa, na Mwadime alijivunia hilo kuliko pensheni yake.

Alipostaafu alirudi nyumbani na chaki mfukoni. Nyumbani hakukuta kabichi, alikuta maua. Mkewe Wakesho alikuwa mkulima wa yale ambayo watu wa huko huyaita maua ya siku moja. Majani yake ni marefu na membamba, na katikati hutoka bua lenye matumba mengi. Kila asubuhi tumba moja au mawili hufunguka, yakapendeza mchana kutwa, na jioni yakanyauka. Kesho yake ni zamu ya mengine. Wakesho alikuwa na aina zaidi ya thelathini, za manjano, za zambarau, za rangi ya matofali, na jirani yeyote aliyefika na shina jipya alipewa chai, na shina likapewa mahali.

Sasa mahali ndipo palipokuwa na taabu. Shamba lao lilikuwa matuta matatu yaliyochongwa mlimani kama ngazi. Mawili ya juu yalikuwa ya maharagwe na mahindi, la chini peke yake ndilo la maua, nalo lilikwisha kujaa. Walibishana miezi miwili juu ya shina lipi ling'olewe, mpaka Mwadime akaleta daftari. Kila aina itapimwa ikichanua: rangi, umbo, urefu wa bua, namna ua linavyofunguka. Jumla ni alama kumi. Litakaloshindwa kufika tano litaondoka tuta la chini, liwe la nani liwe. Wote wawili wakatia sahihi, na Wakesho akaongeza kwamba ni mara ya kwanza kusikia maua yakifanyiwa mtihani.

Lakini kulikuwa na shina moja ambalo Wakesho hakuletewa na jirani. Dada yake, Malemba, alikuwa naye mpenda maua kama yeye. Mwaka ule alioanza kuugua, Wakesho alichukua unyoya wa kuku, akagusa chavua ya ua la manjano la dada yake, akaipaka ndani ya ua lake mwenyewe la zambarau. Likazaa tunda lenye mbegu nyeusi kumi na moja. Iliyoota ikaishi ni moja tu. Malemba akafariki, mashina yake yote yakaliwa na fuko, na hicho kichipukizi kikawa ndicho kitu pekee kilichosalia cha bustani yake. Wakesho alikingoja miaka mitatu kichanue. Kikichanua vizuri, alisema, kitaitwa Malemba, na kitakaa mbele kabisa, wapita njia wakione.

Kilichanua Alhamisi moja baada ya mvua za vuli, kufuatia usiku wa ukungu na baridi kali. Mwadime akashuka na daftari. Ua lilikuwa nusu wazi nusu limefungwa, limekunjamana, na rangi yake ilikuwa ya chai iliyochemshwa kwa majani ya jana. Alijua vizuri alichokuwa akikipima, na moyo wake ulimwomba aandike sita. Mkono uliozoea chaki ukaandika nne.

"Nne, Baba Mghoi?" Wakesho akauliza. Mghoi ni binti yao mkubwa.

"Ua hili lingekuwa la jirani ningeandika nne," akajibu. "Nikikuandikia wewe sita, daftari hili ni la kuwashia moto."

Wakesho alilitazama ua, akalitazama daftari. "Ni kweli," akasema, akaenda kuleta jembe.

Mwadime angefurahi kama mkewe angebisha. Badala yake Wakesho aling'oa shina mwenyewe, na udongo wake umeshikamana, akalitia katika ndoo iliyotoboka na kuiweka nyuma ya nyumba, kando ya mlango wa jikoni. Sheria ilisema litoke tuta la chini. Haikusema litoke bomani. Wiki hiyo hiyo Mwadime alilipa alama kumi ua jingine, Sultani, jipya kutoka Nairobi, pana kama sahani na la manjano ya dhahabu, akalihamishia pale mbele. Kisha akapanda kwenye maharagwe yake. Kitu kikishapewa daraja hakina haja ya kutazamwa tena, na kwa muda wa wiki tatu hakurudi kwenye maua.

Nyumbani mambo hayakuwa mabaya. Chai ilikuja kwa wakati, chumvi ilikuwa sawa. Ila Wakesho hakumtania. Wakesho huyo aliyezoea kumwita Bwana Chaki, aliyekuwa akiuliza kila jioni ugali wake umepata daraja gani, sasa alisema karibu chakula na kunyamaza. Mwadime aliona uchungu, tena uchungu wa kweli, kwa kuwa hakujua kosa lake lilikuwa wapi. Alikuwa ametenda haki. Akaanza kupitia mlango wa mbele tu, ili asiione ile ndoo.

Ndipo wakaja akina mama wa kikundi cha zahanati. Walikuwa wametengeneza njia mpya kutoka barabarani hadi mlangoni, nao walitaka ua moja, aina moja, la kupanda pande zote mbili. Wakaongozwa na mwenyekiti wao, Bi. Mkamburi, muuguzi mstaafu. Mwadime alivaa shati lililopigwa pasi, akachukua daftari, akawashusha tuta la chini moja kwa moja hadi kwa Sultani.

Sultani alikuwa amekwisha. Alikuwa na matumba tisa, yakafunguka kwa siku tisa, na sasa palibaki mabua makavu yaliyoinama.

"Majani yake ni mazuri," mama mmoja akasema, kwa adabu.

Mwadime alifungua daftari na kulifunga. Bi. Mkamburi akamwonea huruma, akaomba maji ya kunywa, na Wakesho akawapitisha wageni nyuma ya nyumba kuelekea jikoni. Mwadime akafuata, hakuwa na njia nyingine. Wale waliotangulia wakasimama ghafla, naye akalazimika kuchungulia juu ya mabega yao.

Ndani ya ndoo mlikuwa na mabua mawili, na maua matatu yamefunguka sawasawa. Rangi ilikuwa ya papai bivu, na katikati ya kila ua mlikuwa na duara la zambarau. Ukutani, juu ya ndoo, palikuwa na mistari ya makaa iliyopangwa vizuri.

"Mistari hii ni ya nini?" Bi. Mkamburi akauliza.

"Kila ua likifunguka napiga mstari," Wakesho akasema. "La kwanza lilikuwa baya, siwezi kuficha. La pili nalo halikuwa la maana. Kuanzia la tano ndipo nilipoanza kuja hapa kabla sijawasha moto. Haya matatu ni la kumi na tano, la kumi na sita na la kumi na saba."

"Linaitwaje?"

Wakesho akamtazama mumewe. Alikuwa amesema litapewa jina likichanua vizuri, na daftarini lilikuwa limeshindwa.

"Linaitwa Malemba," Mwadime akasema. Akafungua daftari mbele yao wote, akasoma kwa sauti, kama alivyokuwa akisoma madaraja ghalani: "Rangi, moja. Umbo, moja. Kufunguka, sifuri. Bua, mbili. Jumla, nne. Limepimwa na mimi."

Akina mama wakatazamana. Bi. Mkamburi akaliinamia ua lililokuwa karibu naye, kisha akainua macho.

"Ulilipima siku ngapi, mzee?"

"Moja."

"Ya kwanza?"

"Ya kwanza. Asubuhi ya ukungu."

"Hospitalini," Bi. Mkamburi akasema taratibu, "kama tungempima kila mgonjwa joto mara moja tu, nusu ya Wundanyi tungekwisha kuizika."

Mwadime alikuwa wa kwanza kucheka. Alitoa kalamu, akaipiga msalaba ile nne, kisha akafunua kurasa mbili mbele akaipiga msalaba na kumi ya Sultani. Akamgeukia mkewe. "Nimekukosea, Mama Mghoi. Nilifanya haki ya kabichi."

Wakesho akafuta macho kwa ncha ya leso. "Sasa andika kumi," akasema.

Mwadime akaitia kalamu mfukoni.

"Siandiki."

"Baba Mghoi."

"Kumi ya Sultani niliiandika hivi hivi, roho imefurahi. Hapa naona matumba sita hayajafunguka. Nitaleta kigoda changu hapa jikoni kila asubuhi mpaka la mwisho, ndipo niandike."

"Na likipata tisa?"

"Litapata tisa."

Wakesho akashika kiuno. Ilikuwa wiki tatu tangu Mwadime amwone akisimama hivyo, na moyo wake ukatulia kabla hata hajasikia kinachokuja. "Na mimi," mkewe akasema, "uliyeniona mara moja sokoni ukaleta wazee kesho yake, uliniandikia ngapi, Bwana Chaki?"

"Wewe sijakuandikia mpaka leo," akasema Mwadime. "Ikiwa ua la siku moja halipimwi siku moja, sembuse mke."

Bi. Mkamburi alicheka mpaka akaegemea ukuta, akaondoka na makaa mgongoni. Malemba lilipata tisa, na Wakesho akalidaia kumi miaka yote. Shina lilipoongezeka na kugawanywa likapandwa njia nzima ya zahanati, lakini maneno yalikuwa yamekwisha kufika huko kabla yake, yamebebwa na akina mama jioni ile ile. Wakayasema kwa mgeni aliyekosea salamu, kwa bibi harusi aliyeunguza wali wa kwanza, kwa mwalimu aliyetetemeka siku ya kwanza darasani, na watu wanayasema hadi sasa: ua la siku moja halipimwi siku moja.