Jiwe la Mhoja Kwenye Kona ya Igalamo

Fimbo haivunjwi na mkato wa leo.

Juzi nilimwambia Lubango maneno hayo hapa uani, mbele yenu wote, naye amenuna mpaka sasa. Leseni yake imefungiwa, na ukimsikiliza yeye, imefungiwa kwa sababu ya taa moja ya nyuma isiyowaka. Taa! Hasemi kwamba kabla ya taa kulikuwa na mwendo kasi karibu na shule, kulikuwa na mkanda asioufunga, kulikuwa na simu sikioni. Kila kosa liliwekewa alama zake, kubwa alama nyingi, dogo alama chache, na zilipojaa leseni ikaenda. Angeendesha kwa adabu kwa muda wa kutosha, zile za zamani zingefutwa. Hakuwa na subira hiyo, na sasa analaumu balbu.

Mmeniuliza msemo huo nimeutoa wapi. Nimefundisha udereva tangu baadhi yenu hamjazaliwa, lakini huu si wangu. Niliupata kwa mama yangu, aliyekulia katika bonde la mpunga chini ya mlima Igalamo. Sogeeni basi, na wewe Lubango uache kujifanya husikii. Ulianza hivi.

Zamani hizo njia ya kutoka bondeni ilikuwa moja tu, na ilipanda mlimani ikizunguka kwa kona kali. Upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo. Mpunga wote ulivushwa kwa magari ya kukokotwa na maksai, na watu nao walipita humohumo, wenye kuni, wenye watoto, wenye mbuzi. Gari moja likiteleza, halikuteleza peke yake. Kwa hiyo watu wa bonde walikubaliana kwamba hakuna atakayeendesha gari mlimani bila fimbo ya ruhusa.

Fimbo hizo alizitoa Bibi Nkwimba, mjane aliyekaa penye lango, pale njia inapoanza kupanda. Mume wake alifia mlimani, alipogongwa na gari lisilo na kengele. Labda ndiyo maana walimchagua yeye. Dereva akikosa, wenzake walimsema mbele ya Bibi, naye aliulizwa kwanza, maana Bibi hakuwa mtu wa kusikiliza upande mmoja. Kosa likithibitika, Bibi alichukua kisu akakata fimbo yake. Kosa dogo, mkato mwembamba. Kosa kubwa, mkato wa kina.

Kisha kila ulipotaka kupanda, ulilaza fimbo yako juu ya panda mbili za lango, na katikati yake ikaning'inizwa nira nzito ya mninga. Fimbo ikibeba nira, unapita. Ikivunjika, huendeshi mlimani mpaka mvua za mwaka mwingine, hata uwe mtoto wa mtemi. Hapakuwa na mtu wa kubembeleza, kwa sababu aliyekuwa akiamua ni mti.

Lakini hawakuwa watu wakatili. Dereva aliyemaliza msimu mzima, kupanda hadi kuvuna, bila kosa lolote, alimpelekea Bibi fimbo yake. Bibi alizungushia mkato mmoja wa zamani ngozi mbichi ya mbuzi na kuiacha juani. Ngozi ikikauka inakaza kuliko kamba, na pale palipokuwa na udhaifu panapata nguvu tena. Ila kosa likiingia katikati ya msimu, ulianza kuhesabu upya.

Sasa palikuwa na Mhoja. Bonde zima halikuwa na dereva kama yeye. Maksai wake walimjua hata kwa kukohoa, na hakuwahi kupindua gari wala kumgusa mtu. Naye alijijua, na hapo ndipo ilipokuwa shida yake. Wengine walitembea mbele ya maksai, kama ilivyotakiwa mlimani. Yeye alikaa juu ya gari, miguu ikining'inia, anapiga mluzi. Akapata mkato. Kengele zilimkera, akazivua. Mkato mwingine. Kila alipokatiwa alicheka. "Bibi, huo ni ukucha tu, hata mbuzi hajikwai hapo."

Mkato wa kwanza kabisa ndio uliokuwa wa kina, na ulikuwa wa jiwe. Gari lenye mzigo likipumzika mlimani, dereva huweka jiwe nyuma ya gurudumu lisirudi chini, na akiondoka analitoa njiani. Mhoja alikuwa na jiwe lake alilolipenda, nusu ya jiwe la kusagia la mama yake lililopasuka. Lilikaa chini ya gurudumu kama limechongwa kwa ajili hiyo. Siku moja alipokuwa akiondoka aliliacha palepale, kwenye kona ya juu.

"Nimeliacha nilikute kesho," alijitetea siku aliyosemwa.

"Kabla ya kesho yako kuna leo ya wenzako," Bibi Nkwimba alimjibu, akakata katikati ya fimbo. "Kaliondoe. Na ukimaliza msimu huu vizuri, uje tufunge ngozi."

Mhoja alisema ndiyo. Jiwe hakuliondoa, alilisogeza pembeni kidogo tu kwa mguu, na mvua zikalifunika kwa tope na nyasi. Ngozi nayo hakuifuata. Kila msimu ulipokaribia kwisha alijikwaa kwenye jambo dogo, na kwa kuwa lilikuwa dogo, halikumsumbua.

Mwaka mmoja mke wake, Minza, alikuwa mjamzito. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika. Hii ya tatu ilifika mwezi wake, na mkunga wa bonde alimpapasa tumbo, akasema, "Mtoto amelala mkingamo. Mimi huyu siwezi. Mvusheni mlima, mpelekeni zahanati ya masista, tena msingoje uchungu."

Asubuhi hiyohiyo Mhoja alitandika majani na godoro kwenye gari, akamlaza mkewe. Minza alikuwa na kichwa kinachomgonga, na kwa huruma Mhoja alijaza nyasi ndani ya kengele za maksai zisilie. Msinielewe vibaya. Alimpenda sana yule mwanamke.

Penye lango Bibi Nkwimba aliwatazama maksai wakija kimyakimya.

"Kengele zina nini, mjukuu wangu?"

"Mke wangu anaumwa kichwa, Bibi. Leo tu."

"Pole, binti yangu," Bibi akamwambia Minza. Kisha akamgeukia Mhoja. "Kengele si ya anayekwenda, ni ya wanaokuja. Wangapi watakutana nawe konani leo bila kukusikia? Nipe fimbo."

"Bibi, tazama hali aliyonayo!"

"Naitazama. Ndiyo maana nataka avuke salama."

Akakata mkato mwembamba karibu na ncha, mwembamba hata Mhoja mwenyewe hakuweza kuulalamikia. Fimbo ikalazwa juu ya panda. Nira ikaning'inizwa. Ikasikika sauti kavu, tas, na nira ikaanguka mavumbini.

Mhoja alilia kwa hasira. Alisema mambo ambayo mtu hamwambii mwanamke wa umri ule. Alisema Bibi amekuwa na roho mbaya tangu alipofiwa. Alisema kama mwanawe atakufa, atakuwa ameuawa kwa kengele.

Bibi Nkwimba aliinama akaokota vipande viwili, akamwekea mkononi.

"Mkato wa leo ni upi?"

Mhoja aliutafuta, akauona karibu na ncha. Ulikuwa mzima. Fimbo ilikuwa imevunjikia katikati, kwenye ule mkato wa zamani wa jiwe, uliokwisha kuwa mweusi kwa jasho la kiganja chake mwenyewe.

"Mkeo atavuka," Bibi alisema. "Ila hutaendesha wewe. Shigela!"

Shigela alikuwa kwenye foleni nyuma yao. Alikuwa dereva mzito, wenzake walimwita Kobe, na fimbo yake ilikuwa imeviringishwa ngozi kila mahali hata ukashangaa mti uko wapi. Ujana wake alikatwa sana. Baadaye akatulia, msimu baada ya msimu, akifunga mkato mmoja mmoja. Alilaza fimbo yake, nira ikaning'inia bila kutikisika. Akaliacha gari lake kwa jirani, akatoa nyasi kwenye kengele za Mhoja, akamwomba radhi Minza kwa kelele, akashika kamba ya maksai.

"Na mimi?" Mhoja aliuliza.

"Wewe una miguu," alisema Shigela bila ubaya. "Tangulia, uniangalizie njia."

Basi Mhoja akapanda mlima kwa miguu, mara ya kwanza tangu apate fimbo. Alitembea mbele na vipande vyake viwili mkononi, nyuma yake kengele zikilia na mkewe akigumia kila gari lilipotikisika. Watu waliokuwa wakishuka walisikia kengele wakajibanza mwambani mapema. Mhoja aliwaona, akawaamkia, akainamisha kichwa.

Kwenye kona ya juu njia ilikuwa imeliwa na mvua upande wa korongo. Gurudumu la nje lilibaki na nafasi ya kiganja tu. Hapo Mhoja alijikwaa. Akafukua nyasi kwa mguu, na tope likatoka, na chini yake pakaonekana jiwe lenye upande mmoja laini, laini kwa kusagiwa ulezi miaka na miaka.

"Simama!" alipiga kelele. "Shigela, simama!"

Shigela alizuia maksai. Gurudumu la nje lilikuwa limebakiza hatua chache kulipanda lile jiwe, na Minza alikuwa amelala upande huohuo wa korongo.

Mhoja alipiga magoti, akalichimbua kwa vidole. Angekuwa juu ya gari lake akipiga mluzi, miguu ikining'inia, asingeliona. Alilijua hilo bila kuambiwa na mtu. Minza aliinua kichwa akauliza kuna nini.

"Jiwe la mama," alisema. "Nililiacha mimi."

Hakulitupa korongoni. Alilibeba begani hadi zahanati, na wakati masista wanahangaika na mkewe alikaa nje nalo mapajani. Mtoto alitoka kwa shida, wa kike, akalia kwa sauti ya kutosha. Huyo ndiye mama yangu.

Siku ya kurudi, babu yangu aliliweka lile jiwe miguuni kwa Bibi Nkwimba, na juu yake vipande viwili vya fimbo. Akamwomba radhi kwa yale maneno. Mwaka huo alitembea, akibeba mpunga wake kichwani kama wanawake, na waliomcheka aliwaacha wacheke. Mvua ziliporudi alipewa fimbo mpya. Ikazeeka mikononi mwake na ngozi mbili tu.

Jiwe lilibaki langoni. Kijana yeyote aliyekuja juu na kupayuka kwamba fimbo nzima imemvunjikia kwa kijikosa kimoja cha asubuhi, babu alimketisha juu yake, akampa vipande vya fimbo yake mwenyewe, akamwambia autafute mkato wa leo. Kijana akishauona ni mzima, hapo ndipo babu alipomwambia ule msemo.

Nawe, Lubango, tengeneza hiyo taa leo hii, hata kama huendeshi. Kisha ukae peke yako na ulikumbuke lile la shuleni. Fimbo haivunjwi na mkato wa leo.