Alama Kumi na Tisa Pembeni mwa Ukurasa

Ndugu zangu mlioketi kulia, safu kumi na moja, nanyi mlioketi kushoto, safu tisa: tumekuja kuombea umoja wa Wakristo, nanyi mmejigawa wenyewe bila kuelekezwa na mtu. Siwalaumu. Mimi ni mstaafu, na mstaafu hana kazi nyingi ila kuhesabu. Naomba niwape mfano.

Palikuwa na mzee mmoja Mkatoliki, mgane, aliyepofuka uzeeni. Binti yake wa pekee alikuwa ameolewa na Mlutheri miaka kumi na tisa nyuma, akaingia katika kanisa la mumewe. Siku ya harusi baba hakufika. Tangu hapo walisalimiana kwa kutumiana watu. Baba alipopofuka, binti alikwenda kumchukua. Akafunga blanketi, fimbo, rozari na nguo. Biblia ya baba, nzito, iliyokatika jalada, akaiacha kwa katekista, jirani wa baba. Alisema moyoni, “Biblia ni Biblia. Kwangu ipo.”

Asubuhi ya kwanza, baada ya uji, mzee akasema, “Mwanangu, nisomee zaburi ya ishirini na mbili.”

Binti akasoma. Ilikuwa ya kilio. Mzee akainua mkono. “Nimeomba mchungaji, wewe unaniletea msiba!”

Kumbe kwa hesabu ya zamani aliyolelewa nayo mzee, zaburi ya mchungaji ilikuwa ya ishirini na mbili. Kwa binti ni ya ishirini na tatu. Wakacheka. Kilikuwa kicheko chao cha kwanza pamoja baada ya miaka kumi na tisa.

Asubuhi ya pili mzee akasema, “Leo nisomee habari ya yule mzee aliyepofuka, ambaye mwanawe alisafiri nchi ya mbali.”

Binti akapekua mwanzo hadi mwisho. “Baba, haimo.”

“Imo. Umeiruka.”

“Nimehesabu vitabu vyote, baba. Sitini na sita.”

“Basi saba vimepotea njiani. Vyetu ni sabini na vitatu.”

Mume wa binti, mzee wa kanisa, akaingia kwa upole. “Baba, hivyo saba ni vya ziada.”

“Mkwe wangu, aliyepunguza ugali sahanini mwangu asiniambie kwamba nilizidishiwa.”

“Na aliyeongeza maji kwenye maziwa, baba, asijisifu kwamba ng’ombe wake ana baraka.”

Safari hii hakuna aliyecheka.

Kila asubuhi mzee aliomba habari ile ile. Binti akadhani baba anamchokoza kwa sababu ya dini. Baba akadhani binti anamficha habari hiyo. Hatimaye mzee akaacha kuomba. Akawa anakunywa uji wake kimya, uso ameuelekeza mlangoni. Kimya hicho ndicho kilichomshinda binti. Akafunga safari kwenda kwa katekista kuifuata ile Biblia.

Katekista akaifunua mwenyewe. Pembeni mwa ukurasa mmoja wa habari ile, pale ambapo mama analia kwa kuwa mwana ameondoka, palikuwa na alama za penseli. Binti akazihesabu: kumi na tisa. Kumi na nane zilikuwa zimenyooka. Ya mwisho ilikuwa imepinda, imekatiza juu ya maneno, kama mstari wa mkono usioona.

“Kila mwaka, tarehe uliyoolewa, alisoma hadi hapa,” katekista akasema. “Mwaka huu nilimsomea mimi, alama akaiweka mwenyewe.”

Kurasa zilizofuata zilikuwa safi, zimegandana.

“Mbona hakuendelea?”

“Nilimuuliza. Alinijibu, ‘Sehemu ya kurudi atanisomea yeye mwenyewe, siku atakayorudi.’”

Ndugu zangu, binti alikuwa amempikia baba uji, amemtandikia kitanda, amemshika mkono hadi uani. Je, alikuwa amerudi?

Alifika nyumbani baba akiwa ameketi palepale. Akaketi karibu naye na ile Biblia. Akazibandua zile kurasa, moja moja, na mzee akasikia. Akasoma. Alipofika pale ambapo mzee kipofu anainuka na kujikwaa akiuendea mlango kumlaki mwanawe, baba naye aliinuka. Mkono wake ukapapasa hewani. Aliyetangulia kuushika alikuwa mkwe, aliyekuwa amesimama mlangoni akisikiliza.

Sabini na tatu toa sitini na sita ni saba. Hesabu hiyo nimeirudia mara nyingi, na ni sahihi. Tofauti yetu ni ya kweli, wala siwaombi muifiche chini ya mkeka. Wasomi wetu waendelee kuijadili. Lakini sisi tumehesabu nini kingine? Ni nani kati yetu anayejua idadi ya asubuhi ambazo ndugu yake alimwomba kitu, naye akamjibu “haimo,” bila kuuliza kwa nini anakitamani? Tumejua kwa usahihi kilichopungua katika kitabu cha mwenzetu. Hatujui ni ukurasa gani ameuacha bila kuufunua, akitungoja sisi.

Kati ya safu za kulia na za kushoto kuna njia yenye upana wa hatua nne. Niliipima nilipoingia. Kabla hujauliza ni nani anayepaswa kuivuka, jiulize kwanza kama si wewe unayesubiriwa.