Namba Iliyokuwa Inahama

Shule niliishia darasa la saba, mnajua, na bado simu zenu zikigoma mnanitafuta mimi. Basi leo, kanisa, tulieni niwafundishe kompyuta.

Kulikuwa na mama mmoja, fundi cherehani, aliyetaka kuingia darasa la kompyuta la wanaoanza. Mwalimu, kijana mwenye maringo kunizidi mimi, na hiyo si kazi ndogo, alikuwa ametunga mchezo. Kompyuta inaficha namba kati ya moja na mia, wewe unabahatisha, nayo inakujibu "panda" au "shuka". Nafasi ni saba. Ukipata, unapokelewa, ukikosa, nenda nyumbani. Asubuhi ile watu tisa walikuwa wameshaambiwa waende nyumbani.

Mama akaanza katikati, kama anavyokunja kitambaa. Hamsini. "Panda." Sabini na tano. "Shuka." Sitini na mbili. "Shuka." Hamsini na sita. "Shuka." Hamsini na tatu. "Shuka." Hamsini na moja. "Shuka."

Akaondoa mkono.

"Mama, imebaki moja," mwalimu akasema. "Au tukuitie bodaboda?"

"Mwanangu, hiyo namba imepita hamsini, tena haifiki hamsini na moja. Umeificha wapi?"

"Usibishane na mashine, mama."

"Sibishani nayo. Nakuuliza wewe uliyeishona."

Mwalimu akafungua maagizo aliyoiandikia kompyuta, akasoma. Mstari wa kuchagua namba alikuwa ameuweka ndani ya sehemu inayojirudia. Kila mtu akibahatisha, kompyuta inachagua namba nyingine. Akauhamishia juu, namba ichaguliwe mara moja tu. Mama akacheza upya, akapata kwenye jaribio la tano.

Unadhani mwalimu alikaa? Alitoka mbio kuwafuata wale tisa. Aliwakuta barabarani wakibishana nani mjinga zaidi. Akawaambia, "Rudini. Mjinga ni mimi."

Sasa sisi. Wewe uliyekaa karibu na mlango ili utoroke kabla ya maombi, nakuona. Nani alikuambia Mungu anahamisha namba kila ukikosea? Wanaohamisha ni sisi: mkwe akipika tunataka chumvi, akiongeza tunataka ipungue, mwisho anajiona hafai. Mungu aliamua kukupenda kabla hujafungua mdomo, na hajaamua upya. Kwa hiyo pumua, ndugu yangu. Akikuambia shuka, hajakufukuza. Anakuonyesha alipo.