Kanga na Baraza la Walimu

Paukwa!
Pakawa!
Masikio yako wapi?
Yako hapa!

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na walimu. Mwalimu Kanga aliwafundisha watoto kumtambua mwewe angani na kujificha. Mwalimu Nungunungu aliwafundisha kuchimba mizizi.

Siku moja akaja Ngedere. "Mimi ni mwalimu. Nafundisha kuvuka mto." Hakuna aliyemuuliza kajifunzia wapi. Akawapeleka watoto mtoni. Chubwi! Mtoto wa Digidigi akasombwa na maji. Kiboko alimwopoa akiwa hoi, hajiwezi.

Wazazi wakafoka. "Walimu wote waongo! Watoto wabaki nyumbani!"

Kesho yake Kanga alingoja. Hakuja mtoto. Akangoja tena. Hakuja mtoto. Na juu, mwewe anazunguka, anazunguka. Moyo wa Kanga ukadunda: pu! pu! pu!

Akamkimbilia Nungunungu. "Mwenzangu, watoto watakwisha! Tuunde baraza letu la walimu. Kila mwalimu apimwe mbele ya wazazi. Asiyeweza, asifundishe."

Nungunungu akasimamisha miiba. "Na ukishindwa wewe je?"

Siku hizo macho ya Kanga yalikuwa na ukungu, na hakumwambia mtu.

"Nianze mimi," akasema.

Wazazi wakakusanyika. Nungunungu akauliza, "Mwalimu Kanga, mwewe ni yupi kati ya ndege wale angani?"

Kanga akatazama. Vidoa, vidoa tu. Angeweza kubahatisha. Akatazama tena.

"Simwoni," akasema.

"Basi, Mwalimu," Nungunungu akasema, machozi yakimtoka, "hutafundisha tena kumtambua mwewe."

"Nimekubali," Kanga akajibu.

Mama Digidigi akainuka taratibu. "Nilikuja kuwazomea. Lakini baraza lililomzuia hata mwenye kuliasisi, nitalikabidhi mwanangu."

Wazazi wengine wakaitikia, "Nasi pia!"

Ndege kijana mwenye macho makali akapimwa, akafaulu, akachukua darasa la Kanga. Ngedere alipoitwa apimwe mtoni, alishika tawi, akatokomea.

Na Kanga? Aliumia, tena sana. Asubuhi za kwanza alisikia watoto wakicheka darasani, akageuza uso. Lakini jioni aliwahesabu wakirudi. Wote wazima.

Wasikilizaji wangu, ualimu ni amana. Anayetaka wenzake wapimwe, atangulie yeye kupimwa.

Hadithi yangu imetua hapo; mwenye yake aipokee.