Furu Aliyefumba Kinywa

Mwaka huo mvua haikunyesha kabisa, na bwawa la Simba likabaki tope. Samaki walikufa wote isipokuwa furu wawili wadogo, mke na mume. Simba hakupenda kuitwa mfalme wa tope. Akaamuru furu hao wafugwe nyumbani kwake, katika tangi la kioo, wazaane mpaka mvua itakaporudi.

Sungura akatandaza mchanga ndani ya tangi, akapanda majani ya maji na kupanga mawe ya kujifichia. Fisi akaomba kazi ya ulinzi. Alieleza kwamba anapenda samaki tangu utotoni, na hilo lilikuwa kweli.

Bi Furu akataga mayai. Kama ilivyo desturi ya ukoo wao, akayaokota yote na kuyaatamia kinywani. Tangu siku hiyo hakula wala hakusema neno.

Siku ya tatu Bwana Furu hakuonekana. Fisi akaenda kwa Simba na uso wa msiba, akasema mke amemla mumewe.

Simba akaja kutazama. Kidevu cha Bi Furu kilikuwa kimevimba. Akamuuliza kama ni kweli. Bi Furu akamtazama tu, kinywa amekifumba.

“Atajibu nini, mzee?” Fisi akasema. “Bado anamtafuna.”

Simba akahukumu akaangwe. Fisi akajitolea kuleta kikaango.

Sungura akakohoa. “Mzee, ufalme wako unasifiwa kwa haki. Mshitakiwa ana chakula kinywani. Tumsubiri ameze, asije akasema hakusikilizwa.”

Simba, ambaye alipenda sana kusifiwa kwa haki, akakubali. Akaagiza kiti chake kiletwe mbele ya tangi. Wakasubiri wiki mbili na nusu. Bi Furu alikonda mpaka mbavu zikahesabika. Fisi naye alikonda, kwa sababu Simba hakuondoka hapo.

Asubuhi moja Bi Furu alishuka katikati ya majani, akafungua kinywa. Wakatoka vifaranga thelathini na mmoja, kila mmoja mdogo kama punje ya mtama, wakatawanyika wakiogelea.

“Shikamoo, mzee,” akasema Bi Furu, sauti imemkauka. “Mume wangu aliliwa na mlinzi. Nilimwona. Nilikuwa na watoto kinywani, nisingeweza kupiga kelele.”

Simba akamgeukia Fisi, akamuuliza Bwana Furu yuko wapi. Fisi hakusikia vizuri. Macho yake yalikuwa yanafuata vifaranga.

“Yule alikuwa na miba mingi, mzee,” akajibu. “Hawa ni laini.”

Simba akampiga kofi moja lililomtoa nje kwa kupitia dirishani. Tangu hapo Fisi alichota maji ya tangi kutoka chemchemi ya mbali, chini ya ulinzi, mpaka mvua iliponyesha na watoto wa Bi Furu wakalijaza bwawa.

Kimya kingi kina mshindo mkuu.