Siku Saba Bila Kombeo

Mrusha mawe hajui rangi ya ndege.

Mjomba wenu amemwambia jirani maneno hayo sasa hivi, nanyi mmecheka, kisha mkaniuliza yametoka wapi. Endeleeni kupukuchua mahindi, wajukuu zangu; mikono ifanye kazi yake na masikio yake. Maneno hayo yalizaliwa hivi.

Zamani, katika bonde moja la mpunga, palikuwa na ukoo wenye desturi yake. Kijana akiposa kwao hakupewa jibu mpaka aamie ndege, yaani awafukuze, katika shamba la mama wa binti, tangu mpunga unapoingia maziwa hadi unapokomaa. Shamba likisalimika, posa imekubaliwa. Likiharibika, alirudishiwa jembe aliloposea, akaenda zake.

Kijana Ambokile alimposa Lugano wa ukoo huo. Alikuwa mchapakazi, lakini utulivu hakuwa nao hata chembe. Akila, amesimama. Akisali, jicho moja liko mlangoni. Tena alikwisha kusikia kwamba mwenzake aliyemtangulia alirudishiwa jembe, na habari hiyo ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Alipanda dungu, jukwaa la mlinzi wa shamba, umande haujakauka, kombeo mkononi, mfuko wa mawe begani. Ndege akitokea mashariki, vuu! Akitokea magharibi, vuu! Majani yakitikisika, vuu! Hata kipepeo mmoja aliponea chupuchupu. Mkono wa kulia ulipouma alihamishia kombeo kushoto. Akijaribu kukaa, moyo ulimsuta: Unakaa? Na Lugano je? Akainuka tena.

Siku moja Lugano alimletea chakula, akakiweka kwenye tuta.

"Ambokile, shuka basi ule."

"Nitakula mpunga ukishaingia ghalani."

"Hivi hata wale weupe unawapiga? Mbona wanatembea chini tu?"

"Wana mabawa?"

"Wanayo."

"Basi ni ndege."

Lugano alicheka, lakini aliondoka amekunja uso.

Kufika wiki ya tatu bonde lilikuwa kimya, hakuna hata mlio. Ambokile alijisifu moyoni. Ndipo akaja Bibi Tusekile, nyanya yake Lugano, ambaye ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho. Aliingia shambani na fimbo yake, akayatenga mashina ya mpunga, akainama muda mrefu. Kisha akamwita kijana ashuke.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hebu niambie, ndege gani walikuja hapa?"

"Wengi, bibi! Nimewafukuza wote."

"Sikukuuliza wingi wao. Walikuwa na rangi gani?"

"Walikuwa... ndege tu, bibi."

"Wenye midomo myekundu?"

"Labda."

"Weupe, miguu mirefu?"

"Na hao pia, nadhani. Nilipiga chochote chenye mabawa."

Bibi alichuma suke lililokatika, akamwekea kiganjani kiwavi mnene wa kijani. "Kwelea, yule wa mdomo mwekundu, anakula mpunga. Huyo mfukuze. Yangeyange, yule mweupe, anakula huyu uliyemshika. Umewafukuza walinzi pamoja na wezi. Tazama, robo ya shamba imelala matopeni."

"Basi unanirudishia jembe langu?"

"Ningelirudisha leo hii. Lakini nakuuliza: Mwenyezi Mungu alikaa akawapaka rangi mmoja mmoja, nawe umekaa juu yao siku ishirini, hukumwona hata mmoja. Nikikupa mjukuu wangu, utamwona?"

Bibi akanyoosha mkono.

"Lete hilo kombeo. Nakupa siku saba, na makofi yako tu. Siku ya nane utanieleza rangi zao."

Siku ya kwanza ilikuwa mateso. Mguu ulimtikisika mpaka dungu zima likalia. Kila kundi lilipotokea, jasho lilimtoka, kwa maana ilimbidi atazame kwanza ndipo apige makofi. Midomo ni myekundu? Pa! pa! pa! Si myekundu? Akajishika mikono, akaomba, "Bwana, nishikilie." Siku ya pili yangeyange mmoja alitua kwa mashaka. Jioni walikuwa kumi na mmoja, wakitembea taratibu kama wazee wa kanisa, wakidokoa viwavi. Siku ya nne mdiria alitua kwenye kijiti juu ya mfereji, mgongo wake wa buluu ukawaka juani, na Ambokile akagundua kwamba amesahau kuvuta pumzi. Moyo bado ulimwenda mbio, ila sasa ulikwenda mbio kwa hamu ya kumwona atakayefuata.

Siku ya nane Bibi Tusekile alikuja pamoja na Lugano. "Ambokile! Shuka utoe jibu lako!"

Ambokile hakushuka. Aliweka kidole mdomoni. "Samahani, bibi. Subirini kidogo. Mnana yule anamalizia mlango wa nyumba yake."

"He!" Lugano akashika kiuno. "Ambokile huyu huyu ndiye anayetuambia tusubiri?"

Wakasubiri. Mnana alipofuma ujani wa mwisho, kijana alishuka, akawaeleza ndege wa shamba lile, rangi zao, miendo yao, nani anakula nini, mpaka bibi akainua mkono. "Inatosha."

"Bado mmoja, bibi." Akamgeukia Lugano. "Una alama ndogo chini ya jicho la kushoto, kama punje ya ulezi. Nimeiona leo."

"Leo?" Lugano akashangaa. "Na miaka miwili yote tunayojuana?"

Ambokile aliinamisha kichwa kwa haya. Bibi Tusekile alicheka mpaka akaiegemea fimbo yake, kisha akaushika mkono wa mjukuu wake, akauweka katika mkono wa kijana.

"Usimlaumu, mjukuu wangu," alisema. "Mrusha mawe hajui rangi ya ndege."