Makubazi ya Letai

Hadithi ipite?
Ipite, njia tumeipisha.
Ipite na viatu?
Ivue mlangoni.

Haya, atakayesinzia asiniulize kesho. Hapo kale palikuwa na bonde nyuma ya milima, hata wachuuzi wa chumvi walilipita bila kulijua. Makanisa yake hayakujengwa. Watu wa zamani waliyachonga ndani ya jabali, wakaanza na paa, wakamaliza na mlango.

Desturi yao ilikuwa hii: msichana akiolewa mbali huacha makubazi yake mlangoni mwa kanisa, akaondoka peku. Makubazi yakiwapo, ana kwao. Mama akimkatia tamaa huyatupa korongoni, na binti hana tena pa kurudi.

Letai aliolewa mbali angali mdogo. Akachelewa kurudi kwa sababu ya mtoto mchanga. Akachelewa kwa sababu ya ukame. Akachelewa kwa aibu ya kuchelewa. Alipopata habari kwamba mama yake, Abrehet, amefariki, kichwa kilikuwa kimejaa mvi. Akafunga safari, roho juu. Je, mama aliyatupa?

Miiba ilikuwa imeziba njia. Alikumbuka kitu kimoja tu: kengele ya kanisa lao ilikuwa jiwe lililoning'inizwa, na sauti yake ilikuwa nyembamba.

Akafika kanisa la chini, akagonga jiwe. Du. Kunguru akasema, "Si hapa, mama. Panda."

Akafika kanisa la kati, akagonga jiwe. Du. Nyani akasema, "Si hapa, mama. Panda."

Akafika kanisa la juu, akagonga jiwe. Ngeee.

Jamani! Sauti ile ndiyo iliyokuwa ikimwamsha alfajiri, ubani ukinukia, mama akimvuta shuka. Alilia kabla hajaona chochote.

Pimbi akachungulia mwambani. "U nani?"

"Letai wa Abrehet. Makubazi yangu yapo?"

"Yapo. Lakini itabidi uchague."

Ukutani yalipangwa makubazi, jozi baada ya jozi, kuanzia ya kitoto. Yote yalipakwa samli, ngozi laini.

"Kila sikukuu alileta mapya," pimbi akasema. "Akiyapima kwa kiganja: 'Sasa mguu wake utakuwa umefika hapa.'"

Letai akavaa jozi ya mwisho. Ikampwaya. Abrehet hakujua mwanawe aliacha kukua lini.

Akayavua, akaingia kusali. Alipotoka akayavaa tena, akashuka nayo bondeni, kapa, kapa, kapa, na hakukubali mtu ayapunguze.

Basi mjue: mama hachoki kukungoja, ila hangoji milele, maana hufa. Nendeni angali yupo.

Hadithi imetoka, imevaa viatu vyake. Na vyangu je, nani kavikalia? Vileteni. Nami nina mama.